Usukani Ulioganda na Mali ya Mayatima



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, twaingia katika maudhui ya wiki hii, ambayo yumkini baadhi ya wasomaji watayaona mageni katika safu hii. Tumezoea kuulizwa juu ya posa, talaka, deni na malezi. Safari hii dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Isiolo, ametuuliza juu ya baiskeli.

Maelezo yake kwa ufupi ni haya. Mumewe amefariki na kumwachia watoto wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 9. Miongoni mwa vitu alivyoviacha marehemu ni baiskeli nyeusi ya zamani, aliyoinunua alipokuwa akifanya kazi huku pwani, kisha akaipandisha Isiolo juu ya lori. Mvulana ataka kuiendea shule. Lakini marehemu alikuwa mtu mrefu, na usukani aliuinua kwa kimo chake. Kijana akiushika, mabega humpanda na mikono humnyooka kama mtu aliyening'inia mtini. Isitoshe, kichwa cha baiskeli kinacheza, kwani gololi za ndani zimekwisha, na haziwezi kubadilishwa mpaka usukani ung'olewe. Na usukani hautoki. Fundi wa kwanza ameupiga nyundo, umekataa. Fundi wa pili asema ataukata kwa mashine. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu amefika mlangoni na mizani yake. Shemeji amemwambia auze yaishe, kwani hicho ni chuma tu. Naye auliza: afanye lipi, na je, ana haki ya kuamua?

Haya ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni la fiqhi na la pili ni la ufundi, na mwenye kusoma mpaka mwisho ataona kwamba jawabu la kwanza ndilo linaloongoza jawabu la pili.

Baiskeli hii ni ya nani?

Alichokiacha marehemu, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia uliokubalika, ni mali ya warithi wake. Mjane mwenye watoto ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Mama na baba wa marehemu, wakiwa hai, kila mmoja ana sudusi, fungu moja katika sita. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja. Ama ndugu wa marehemu, akiwapo mtoto wa kiume, huzuiwa na harithi. Basi shemeji anaweza kutoa nasaha, na twamshukuru kwayo, lakini kauli ya kuuza si yake.

Wala mama peke yake asiharakishe. Sehemu kubwa ya baiskeli hiyo ni ya watoto wasiobaleghe, na katika madhehebu yetu ya Shafi msimamizi wa mali ya mtoto aliyefiwa na baba ni babu mzaa baba, kisha yule aliyeusiwa na marehemu, kisha Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezithibitisha Mahakama za Kadhi, na mirathi ya Waislamu ni miongoni mwa mambo yaliyo chini yake pindi wahusika wote wakiridhia. Kwa hiyo dada yetu azungumze na babu wa watoto kama yu hai, au aende kwa Kadhi; baiskeli ikadiriwe thamani kama ilivyo leo, iandikwe, na ikionekana ni maslahi, ihesabiwe katika fungu la mvulana bila kumdhulumu dada yake. Karatasi moja yatosha. Watu wengi huona haya kuandika vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyowagombanisha ndugu miaka 20 baadaye.

Sasa zingatieni linalofuata hapo. Ikiwa baiskeli ni mali ya mayatima, basi kila aishikaye, awe mama, fundi au mjomba, ameshika amana. Na mwenye amana haanzi na jambo lisiloweza kurudishwa. Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki, na chuma kilichokatwa ni maji yaliyomwagika. Huanza na lile ambalo likishindikana, kitu kimebaki kama kilivyokuwa; likishindikana hilo, husogea hatua moja, tena kwa idhini. Kanuni hii ndiyo tutakayoifuata katika kuung'oa usukani.

Ni kitu gani hasa kilichoganda?

Neno lenyewe usukani limetoka baharini, ni ule wa chombo, na wazee wetu waliulibandika kwenye baiskeli kwa kuwa kazi ni moja. Juu kuna mikono miwili anayoishika mpandaji. Mikono hiyo hubebwa na chuma chenye umbo la tarakimu 7, nasi tutakiita shingo. Mguu wa shingo ni bomba la unene wa karibu milimita 22, nalo huingia ndani ya bomba jingine, ambalo ni shina la uma ushikao gurudumu la mbele. Bomba hilo la pili nalo hupita ndani ya kichwa cha fremu na kuzunguka juu ya gololi.

Ni nini kinachoizuia shingo isizunguke ovyo ndani ya bomba? Ni kabari. Juu ya shingo mtaona kichwa cha bolti. Bolti hiyo ni ndefu, hushuka mpaka chini, na mwisho wake imeshika kipande cha chuma kilichochongwa mshazari, au chenye umbo la pia. Ukikaza bolti, kipande hicho huvutwa juu, hujibana ndani ya bomba, na shingo ikashikwa. Ndiyo maana kulegeza bolti peke yake hakutoshi. Kabari hubaki pale pale ilipojibana mpaka isukumwe chini. Watu wengi hulegeza bolti, wakavuta, wakashindwa, wakasema imeganda kwa kutu, ilhali haijaganda. Kabari haijaangushwa tu.

Lakini ya dada yetu twaamini imeganda kweli, na sababu tunaiona katika safari yake. Chumvi ya hewa ya bahari huuma chuma kuliko mvua ya bara. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu, na ikishaingia katika upenyo kati ya bomba na bomba haiondoki kwa baiskeli kupandishwa lori. Isiolo iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya kilomita 700 kwa barabara kutoka Mombasa, na wenyeji wake wanaijua kwa jua na vumbi. Mtu hudhani katika ukavu ule chuma kimesalimika. La. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Disemba, baiskeli iliyoegemezwa ukutani chini ya mabati hupokea matone kwa juu, pembeni mwa bolti. Chini nako bomba la uma aghalabu li wazi, na gurudumu hulirushia maji na matope. Maji yakikutana na chumvi ya zamani, kutu huzaliwa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Katika upenyo usiopita unene wa karatasi, kutu hiyo hujaa na kubana, na mabomba mawili yakawa kama moja.

Je, yafaa kuhangaikiwa?

Mnunuzi wa vyuma hupima kwa kilo, na kwa mizani yake baiskeli ya marehemu na bati bovu ni kitu kimoja. Sisi twaipima vingine. Baiskeli hizi nyeusi zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito, ambazo Wakenya wameziita Black Mamba, zilitengenezwa zidumu. Umbo lake lilienezwa na Raleigh ya Nottingham, Uingereza, iliyoanza katika miaka ya 1880. Kisha viwanda vya Asia vikalifuata, kama Hero ya Ludhiana nchini India, iliyoanza kuunda baiskeli mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai. Kwa kuwa umbo ni la ukoo mmoja, vipuri vingi vyapatikana mpaka leo, na fundi wa kando ya barabara anavijua kwa kupapasa. Baiskeli za aina hii ndizo zilizobeba abiria mpakani Busia tangu miaka ya 1960, zikazaa jina la bodaboda kabla pikipiki hazijalichukua. Ndizo zilizobeba mikate na samaki katika mitaa ya Mombasa na Malindi, na mitungi ya maji katika miji mikavu ya kaskazini.

Kwa mvulana wa Isiolo, ambaye shule yake haipo karibu na nauli ya kila siku ni fedha inayotoka katika unga wa nyumbani, baiskeli nzima ni kitu kikubwa. Lakini haifai kuendeshwa kama ilivyo. Usukani unaocheza huyumba mtu anaposhika breki, na kijana asiyeufikia vizuri hawezi kuushinda unapoyumba. Basi ama itengenezwe, ama ikae. Asiipande kwa hali hii hata siku moja.

Hatua za kuung'oa

Twawaandikia akina mama makusudi, kwa sababu kazi hii haitaki misuli mingi. Yataka siku kadhaa na mkono mtulivu, na hivyo mnavyo.

Kwanza, chukueni sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa kabati, mkaigusishe kwenye shingo. Ikinata, shingo ni ya chuma, kama zilivyo nyingi za baiskeli hizi. Isiponata, yaelekea ni alumini, ndugu wa sufuria zenu nyeupe. Lisahauni hilo kwa sasa, tutalirudia.

Pili, wekeni alama kwa msumari pale shingo inapoingia, mpate kujua baadaye kama imesogea hata kwa unywele. Kisha legezeni nati zinazoshika fito za breki ya mbele kwenye usukani, kwa maana fito hizo zimeunganisha juu na chini, na mwenye kuzisahau atapigana na breki akidhani anapigana na kutu.

Tatu, kwa spana inayokaa sawasawa, zungusheni bolti ya juu kuelekea kushoto mizunguko minne au mitano, mpaka kichwa chake kiinuke kidogo. Msiitoe yote. Wekeni kipande cha mti juu ya kichwa hicho, mkipige kwa nyundo pigo moja lililonyooka. Bolti ikizama na mkasikia mlio mzito, kabari imeanguka na nusu ya kazi imekwisha. Isipozama, rudieni mara mbili tatu, si zaidi. Mwenye kuipiga bolti bila mti huharibu hesi zake, na hapo ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Nne, mmoja asimame mbele ya baiskeli, alibane gurudumu kati ya magoti, aushike usukani kwa mikono miwili na kuuzungusha kulia na kushoto. Asivute juu. Shingo iliyoshikwa na kutu hukubali kuzungushwa kabla ya kukubali kutoka, na ikisogea kidogo tu, imeshashindwa. Lakini mkiona miguu ya uma inajikunja, acheni papo hapo. Uma uliopinda ni hasara kubwa kuliko shingo iliyoganda.

Tano, na hapa ndipo kazi ya siku nyingi: mafuta. Yako mafuta ya kupenya kutu yanayouzwa katika makopo ya kupuliza, nayo ni mazuri. Asiyeyapata achanganye mafuta ya taa na oili kidogo ya injini. Msitumie mafuta ya kupikia, kwani yakikaa hukauka yakawa gundi. Na mafuta yetu ya nazi, pamoja na mapenzi tuliyonayo kwayo, huganda kwa baridi, na usiku wa Isiolo si usiku wa Lamu. Tieni matone pale shingo inapoingia, na mengine kwenye tundu la bolti. Kesho yake ondoeni gurudumu la mbele na ubao wa matope, igeuzeni baiskeli miguu juu, mtie mafuta kwa chini, ndani ya bomba la uma. Watu wengi husahau njia hii ya chini, na ndiyo inayofika kwenye kabari. Asubuhi tone, jioni tone, na kila mkitia mafuta mgonge shingo kwa upole kwa mpini wa nyundo, pande zote, ili mtikisiko uyafungulie mafuta njia. Fanyeni hivyo siku tatu, siku saba, hata siku kumi. Bandu bandu huisha gogo. Kila jioni jaribuni kuzungusha, kisha mwache.

Mafuta ya taa yasikaribie jiko wala sigara, na kopo lililobaki lisiwekwe katika chupa ya soda. Hilo twalisema kwa mkazo, kwa sababu watoto hunywa.

Sita, ikiwa siku kumi zimepita na haijasogea, sasa ndiyo aitwe fundi, naye aelezwe yaliyokwisha kufanywa. Autoe uma mzigo wa kukunjika: abane kichwa cha uma, pale miguu miwili inapokutana, kati ya vipande viwili vya mti katika jiriwa, kisha azungushe usukani kwa nguvu ndefu iliyotulia, bila kushtua. Kwa shingo ya chuma anaweza pia kupasha moto kiasi na kuacha ipoe, mara kadhaa, kwani kutanuka na kunywea huivunja kutu na kuyafungulia mafuta. Lakini moto huo uwe nje, baada ya mafuta ya taa kufutwa na kukauka, tairi likiwa limetolewa. Wala usiwe mkali, kwa sababu viungo vya fremu hizi vimeshikanishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na moto wa kupindukia huulegeza mshiko huo.

Hapa twairudia sumaku. Ikiwa shingo ni ya alumini, mambo ni kinyume. Alumini ikikaa ndani ya chuma kwenye unyevu wa chumvi huumwa haraka, na unga wake mweupe hubana kama saruji. Kisha alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kuipasha moto ikiwa ndani ni kuzidi kuibana. Yenyewe hutakiwa baridi: pakiti ya barafu iliyofungwa kitambaani juu ya shingo kwa muda wa nusu saa, kisha izungushwe mara moja. Najua miongoni mwenu wako wanaotengeneza sabuni, na wanajua kwamba kostiki soda hula sufuria ya alumini na kuiacha ya chuma. Ni kweli, na mafundi wengine huitumia kwa kazi hii. Sisi hatuishauri katika nyumba yenye watoto. Hutokota kwa joto kali, hutoa hewa inayoshika moto, na tone moja laweza kupofua jicho.

Saba, na la mwisho, ni msumeno. Na hata hapa mna cha kuchagua. Fundi aliyesema ataukata kwa mashine, ile wanayoiita grenda, aulizwe: akate nini? Akisema atakata kichwa cha fremu au shina la uma, mwambieni asante, mchukue baiskeli yenu. Akisema ataikata shingo juu kidogo ya nati, kisha atie upamba wa msumeno wa mkono ndani ya bomba lililobaki na kulichana taratibu mpaka lilegee, huyo anajua kazi. Shingo mpya ni kipuri cha bei ndogo. Uma na fremu ndiyo mali yenyewe. Kinachotolewa mhanga ni kile cha rahisi ili kisalimike cha ghali. Na kwa kuwa hapa tumefika kwenye jambo lisilorudi, msimamizi wa mali ya watoto aambiwe kabla upamba haujagusa chuma.

Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa Bibi Aisha, Mungu amridhie, alipanda ngamia mkaidi akawa anamvuta huku na huku kwa ukali, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamnasihi ashikamane na upole. Twapenda kuikumbuka habari hiyo kwa kuwa haikusemwa juu ya mgeni wala adui. Ilisemwa juu ya kipando kilichogoma, na mwenye nacho akiwa na haki ya kukasirika. Fundi wa kwanza pale Isiolo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wateja wanaosubiri. Wenye kitu ndio walio na siku kumi za kungoja, na kwa hiyo kazi ya mafuta yafaa ifanyike nyumbani, isipelekwe barabarani.

Ikishatoka

Shingo ikitoka, msiirudishe kwa furaha kabla ya kuitazama. Isugueni kwa brashi ya waya na msasa, muipeleke kwenye mwanga, mtafute ufa, hasa pale tarakimu 7 inapopinda na pale mpasuko wa chini unapoanzia. Yenye ufa hutupwa. Shingo ikikatika mtu akiwa njiani hubaki na mikono miwili ya usukani isiyoshika kitu, na hilo halina onyo. Lau ingelikuwa hakuna faida nyingine katika kazi yote hii, kuuona ufa kabla haujamwona mtoto kungetosha.

Fundi atie gololi mpya na grisi katika kichwa. Nanyi ipakeni shingo grisi mguu mzima, na kabari, na hesi za bolti. Irudisheni kwa kimo cha kijana, viwiko vyake vikipinda kidogo anapokaa. Shingo nyingi zina mstari wa kuonyesha kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki ndani. Zisizo nao, msiache chini ya sentimita 6 na nusu. Kijana atarefuka, na kila mwaka mtaiinua kidogo, mpaka mstari huo utakapowaambia basi. Kazeni bolti mpaka gurudumu likibanwa magotini usukani usigeuke kwa nguvu ya kawaida. Msikaze kwa kukomoa, kwani kabari iliyozidishwa hutunisha bomba la uma, na bomba lililotuna ndilo chanzo cha usukani kuganda tena. Rudisheni fito za breki, mzijaribu mkiisukuma kwa mguu kabla hajapanda mtu.

Nguzo ya kiti nayo ina maradhi hayo hayo na dawa hiyo hiyo. Maadamu mafuta yako mkononi, ilegezeni siku ile ile.

Wasomaji wetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale, ambao chumvi i mlangoni mwenu, msingoje kuandika barua. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, toeni shingo, futeni, pakeni grisi, rudisheni. Ni kazi ya nusu saa. Wa bara mara moja kwa mwaka yawatosha. Na watoto wawepo, wavulana na wasichana, washike spana wenyewe. Binti yule wa miaka 9 ana fungu lake katika baiskeli ile, na yafaa ajue inavyofunguka.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awalee mayatima wake, na ampe mama yao subira na wepesi. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.